Mashine Haizimwi Foleni Ikiwepo

Jumatatu, 2 Machi

Nimefungwa mdomo. Tabibu wa zahanati kanimulika kooni, akaguna, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa kile kilichobaki cha sauti yangu: mchana naita zamu za wateja kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wangu, jioni naimba roki. Akaniangalia kama nimemwambia nafuga simba. "Wiki nzima usitoe neno," akasema. "Hata kunong'ona ni marufuku. Ukiwa na la kusema, andika."

Haya, naandika. Na kwa kuwa sina ruhusa ya kumgombeza mtu, nitaligombeza daftari.

Mimi nimekulia kwenye mashine. Baba alifariki nikiwa wa kubebwa mgongoni, Mama akarudi kwa kaka yake, na kaka yake ndiye Mjomba, mwenye mashine. Nilijifunza kutembea kwa kushika magunia. Mjomba amesimama karibu na ile injini ya dizeli miaka mingi mno, masikio yamekwisha. Watu wakimwambia "nusu gunia" anasikia "njoo kesho". Kwa hiyo tangu niko darasa la kwanza kazi ya kuita zamu ilikuwa yangu. Nilipofika la tatu nilikuwa namwita mtu aliyeko ng'ambo ya barabara, injini imewaka, naye anageuka. Wateja wakanipa jina, Kipaza, na sasa hata Mama huniita hivyo akiwa na haraka.

Bendi ni ya Binamu, mtoto wa Mjomba. Yeye anapiga gitaa, Kinyozi wa jirani anapiga besi, Fundi Baiskeli yuko kwenye dramu. Wanajiita Vumbi, na ukiona nguo zao baada ya mazoezi huulizi kwa nini. Mazoezi ni stoo ya magunia, ukuta mmoja na injini. Mwimbaji wao wa kwanza alihama mji. Maiki hawakuwa nayo. Binamu akajaribu waimbaji kadhaa, wote wakamezwa na kelele.

Siku moja niliingia stoo katikati ya wimbo kumwambia Kinyozi kuwa kuna mteja kamwacha kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu. Binamu akanyoosha mkono, wote wakaacha kupiga. Akasema, "Rudia." Nikarudia: mteja wako anakungoja na nusu kichwa. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha mwimbaji mkuu.

Ni mwaka sasa. Ninachokitaka ni kimoja, na nakiandika hapa maana kukisema siruhusiwi: nataka kusimama katikati ya jukwaa la ukumbi mkubwa, maiki mkononi, bendi nyuma yangu. Si pembeni. Katikati.

Jumanne, 3 Machi

Mama anafurahia ububu wangu. Asubuhi kaniuliza maswali, akajijibu mwenyewe kwa niaba yangu, na katika majibu hayo nimekubali kufua mapazia yote ya nyumba.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nafaka za watu hazikauki, mashine haikuwaka.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Mapazia hayakauki.

Jumatatu, 9 Machi

Sauti imerudi, na jua nalo limerudi, kwa saa chache. Tulifanya mazoezi.

Nieleze sheria za Mjomba, maana ndizo zinazoniua. Ya kwanza: bendi ipige wakati mashine imewaka tu. Nesi mstaafu wa nyumba ya pili aliwahi kumshtaki kwa wakubwa wa mtaa kuhusu kelele. "Mashine ina leseni," Mjomba akatuambia. "Nyinyi hamna. Jificheni nyuma yake." Ya pili: mashine haizimwi foleni ikiwepo. Mwaka juzi mkanda ulimchuna kidole. Alikifunga kitambaa, akasaga mpaka gunia la mwisho, ndipo akaenda zahanati. Alipoulizwa akasema watu wametoka mbali.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mvua ikinyesha, nafaka haikauki. Nafaka isipokauka hakuna wa kusaga. Kusipokuwa na wa kusaga mashine haiwaki, na mashine isipowaka hatupigi. Na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Alhamisi, 12 Machi

Leo kaja meneja wa ukumbi mkubwa, bwana mmoja wa tai fupi, kutaka msaada wa Mjomba. Mimi ndiye mkalimani.

"Shikamoo mzee. Jenereta letu linakohoa."

"Marahaba. Nani anakohoa?"

"Jenereta."

"Mpeni maji ya moto."

Nikamwitia sikioni. Tukaenda na mfuko wa spana. Jenereta liko nyuma kabisa ya jukwaa, ukuta mmoja tu katikati, wanaliwasha umeme ukikatika. Mjomba akalifungua, akasafisha, akaliwasha, kisha akaanza kuchezea skrubu ya mwendo, kiganja juu ya bomba la moshi na macho kafumba. Kuna kibao pale kinachosema mwendo unaotakiwa, lakini miwani kaiacha nyumbani. Akazungusha, akarudisha, akazungusha. Mwisho akafumbua macho na kutabasamu. "Sasa linaongea kama mashine yetu."

Taa za ukumbi zilikuwa zinapepesa kidogo. Meneja alizitazama, akaona si kitu, akashukuru.

Binamu alikuja nyuma yetu mbio na shati safi. Akamng'ang'ania meneja mpaka tukapata ahadi: mwisho wa Mei inakuja bendi kubwa, ile ambayo mabango yake yamebandikwa hadi kwenye vyoo, na wanatafuta bendi ya hapa ya kufungua. Jumamosi ya wiki ijayo twende tukajaribiwe. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nimemwomba Mjomba awashe mashine tupu, angalau kidogo. Kaniuliza kama nimewahi kumwona mtu akitafuna bila chakula mdomoni.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua asubuhi, mawingu jioni. Kaja mteja mmoja na kadebe. Tumefanya mazoezi ya kadebe kamoja, nusu wimbo.

Jumapili, 22 Machi

Jana. Sijui nianzie wapi, na nikiacha kuandika nitavunja kitu.

Tulifika ukumbini mapema. Meneja alikuwa na mpiga kinanda wa ukumbi, mzee mpole, akasema atatusindikiza. Binamu alipopiga gitaa lake pamoja na kile kinanda, vikagombana. "Unyevu huu umelegeza nyuzi," Binamu akasema. Yeye na Kinyozi wakazikaza mpaka zikakubaliana na kinanda. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, maiki mkononi. Siwasikilizi. Natazama viti, vyekundu, vinapanda mpaka gizani.

Nikaanza kuimba, na nikajua papo hapo kuna kitu hakiko sawa. Kwanza ule ukimya. Sijawahi kuimba katika ukimya. Ilikuwa kama kupanda ngazi gizani ukadhani imebaki moja kumbe imekwisha. Nikafanya ninachokijua, nikapaza. Meneja akashika masikio. Na kila nilipoishikilia sauti, gitaa lilikuwa mahali pengine. Karibu, lakini si hapo. Nikalifuata, nikalipoteza, nikarudi kwangu. Mpiga kinanda akaondoa mikono kwenye kinanda taratibu, akaiweka mapajani.

Tulipomaliza Meneja akakohoa, akasema ana wazo la kututafutia nafasi kwenye mahafali ya shule.

Nje, mvua inatupiga, Binamu akanigeukia. "Umeimba upogo, wimbo mzima. Hata mara moja hukuingia kwenye sauti."

"Gitaa ndilo—"

"Gitaa lilikuwa sawa na kinanda, wote wamesikia. Wewe una kelele tu, dada. Debe tupu."

Fundi Baiskeli akatazama viatu vyake. Kinyozi naye akatazama viatu vya Fundi. Hakuna aliyesema "basi, inatosha". Mwaka mzima nimewaitia wateja wao, nimewachekesha, nimewapigia kelele mpaka koo likatoka damu, na siku moja tu ya kunitetea imewashinda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba simwoni Binamu kuwa mwongo. Nilikosea. Nilijisikia nikikosea. Ila sijui nilikosea wapi.

Jumatatu, 23 Machi

Sikwenda mashineni. Mjomba kaita zamu mwenyewe. Nasikia watu watatu wameondoka na unga usio wao.

Alhamisi, 26 Machi

Binamu kaleta mwimbaji. Mwalimu wa chekechea, kasomea muziki, ana mkoba wa ngozi na meno yamepangika. Meneja akikubali kutujaribu tena, ataimba yeye. Mimi nitakuwa "nyuma kidogo, kuitikia". Nyuma kidogo ni karibu na dramu, pale panapowekwa ndoo ya maji.

Nimemwambia Mama. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao, halafu akasema, "Lakini huyo Mwalimu, kweli anaimba?" Nikamjibu anaimba. Mama mzazi, badala ya kunipoza, anafanya uchunguzi.

Jumanne, 31 Machi

Jua. Mwalimu kaimba mashineni kwa mara ya kwanza. Mdomo uliuona unafunguka na kufumba kama wa samaki, sauti hakuna aliyeisikia. Wateja wa foleni walidhani anapiga miayo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijisikii vibaya hata kidogo.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Vyura wanaimba kuliko sisi.

Jumatano, 8 Aprili

Leo lazima niandike vizuri.

Asubuhi kulikuwa na foleni, tukapiga. Mwalimu hakuimba. Alizunguka stoo na simu yake, ina programu ya kupimia nyuzi, ukipiga uzi sindano inakuonyesha kama uko sawa. Akaisogeza kwenye gitaa, uso ukakunjamana. Akaisogeza kwenye besi. Akatoka nje, akaisogeza kwenye injini, akasimama pale muda mrefu, unga unamwangukia nywele. Mjomba alidhani anapiga picha akajiweka sawa.

Foleni ilipoisha na mashine ikazimwa, wenzetu wakaenda zao. Mimi nilikuwa nafagia. Mwalimu akaniambia, "Mdogo wangu, hebu niimbie ule mstari wa kwanza. Polepole tu."

Nilitaka kumwambia aimbe mwenyewe, si ndiye mwimbaji. Lakini nikaimba. Akanionyesha simu. Sindano imesimama katikati ya noti mbili, si huku wala si kule.

"Unaona? Nimekosea tena," nikasema.

"Ngoja." Akanionyesha alichokiandika alipokuwa kwenye injini. Palepale. Akaniambia nikatembee hadi barabarani, nirudi, niimbe tena. Nikaenda, nikarudi, nikaimba. Sindano ikasimama palepale.

Akakaa juu ya gunia na sketi yake safi. "Bendi nzima mmeifuata mashine," akasema. "Mnapatanisha nyuzi injini ikiwa inaunguruma, mkono wenyewe unazivuta mpaka zikubaliane nayo. Humu ndani mko sawa kabisa. Mkitoka nje hakuna kinanda duniani kitakachowaelewa. Siku ile ukumbini, kama nilivyosimuliwa, wenzako walizikaza wakafuata kinanda. Wewe uliimba ulichofundishwa."

Nikamuuliza, kwa hiyo sikuimba upogo?

"Uliimba sawasawa na injini. Nimesoma na watu wenye vyeti, hawawezi kuishika noti hivyo bila kitu cha kushikilia."

Nililia. Nilikuwa na hasira vilevile, kwa hiyo nililia huku nafagia kwa nguvu, na vumbi likamfanya Mwalimu apige chafya. Majuma mawili na zaidi nimejiona mwizi wa nafasi ya watu. Kumbe.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemweleza Binamu. Mwalimu akamwonyesha simu. Akatazama kwa makini, akaelewa upesi, mjinga si mjinga. Nikangoja neno. Neno moja tu, samahani, hata pole.

"Sawa," akasema. "Kuanzia leo tunafuata simu."

Mimi je?

"Wewe uikariri mpya."

Jumatatu, 13 Aprili

Jua. Tumepiga kwa kufuata simu, mashine inaunguruma ile yake ya siku zote. Ni kama kula kwa kijiko chenye mchanga. Fundi Baiskeli, ambaye hana hata uzi mmoja wa kukaza, kasema meno yanamuuma. Kila nikifungua mdomo narudi kwenye ya mashine. Binamu anasimamisha wimbo, ananitazama, anaanza tena. Anasimamisha. Ananitazama. Nitamtoboa macho.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mashine imezimwa, stoo kimya. Mwalimu kaja na mwavuli, bila gitaa, bila Binamu. Kasema nesi mstaafu hawezi kushtaki mtu kwa kunong'ona. Kanifundisha kupumua kwa tumbo na kuimba kidogo. Sikujua sauti yangu ina sehemu ndogo. Ni ngumu kuliko kubwa.

Nilimuuliza kwa nini ananifundisha na nafasi ni yake. Akasema watoto wa chekechea wamemzoesha, akiona mtu ameshika kalamu vibaya mkono unajipeleka wenyewe.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Kuimba kidogo.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Kuimba kidogo. Simchukii tena Mwalimu, na hilo nalo linaniudhi, maana sasa nimchukie nani.

Jumanne, 28 Aprili

Tumejaribiwa mara ya pili. Mwalimu katikati, mimi karibu na ndoo. Kila kitu kimekubaliana na kinanda. Meneja kapiga makofi. Tumepata: tunafungua tarehe thelathini Mei.

Wote waliruka. Na mimi niliruka, ningefanyaje. Kisha nikaenda nyuma ya ukumbi nikakaa juu ya lile jenereta lililozimwa, na pale nilisema maneno ambayo Mama hajui kama nayajua.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua. Ukuta wa stoo umeota ukungu. Binamu kasema siku ya ukumbini nisimame mbali kidogo na maiki ya Mwalimu, maana naingia. Naingia! Kana kwamba mimi ni maji ya mvua.

Alhamisi, 14 Mei

Nimemwambia Mama naacha bendi. Alikuwa anashona kitufe. "Acha," akasema. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwambia, mama, hutaniambia nivumilie? "Umevumilia vya kutosha. Acha." Akakata uzi kwa meno. "Lakini siku hiyo mimi nina kiti, nimeshamwambia kila mtu, na kama hupo nitakaa pale nimtazame mtoto wa watu."

Siachi. Yule mwanamke hachezi haki.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua. Nimemuuliza Mjomba kama atakuja. Kasema meneja kamwita akae na jenereta, kwa mvua hizi umeme hauaminiki.

"Lakini utasikiliza?"

"Nini?"

"Utasikiliza?"

"Ndiyo, nitalisikiliza, lisikohoe."

Mwaka mzima tumepiga upande wa pili wa ukuta kutoka alipo, na Mjomba hajawahi kusikia hata wimbo mmoja. Injini inafunika kila kitu, na ikizimwa sisi tunanyamaza. Sikuwahi kulifikiria hili mpaka leo.

Jumatano, 27 Mei

Mvua.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua. Nimepiga pasi nguo ya kusimama karibu na ndoo.

Jumapili, 31 Mei

Jana tena. Lakini si jana kama ile ya Machi.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mvua ilikuwa inapiga paa. Mama alikuwa safu ya tatu, amevaa kilemba kikubwa, wa nyuma yake wakawa wanachungulia kushoto na kulia. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwalimu ni mwimbaji, sitasema uongo. Niliitikia nilipoambiwa niitikie. Watu walipiga makofi ya heshima, kama ya mkutano wa wazazi.

Katikati ya wimbo wa pili umeme ukakatika.

Giza. Watu wakapiga miluzi. Halafu nyuma yetu, ukutani, nikasikia Mjomba anavuta kamba ya jenereta. Mara moja, mara mbili. Likashika. Taa zikarudi zikipepesa, na lile jenereta likaanza kuunguruma, ukuta ukaunguruma, mbao za jukwaa zikaunguruma chini ya miguu, na spika nazo zikauchukua ule mvumo zikaumwaga ukumbi mzima.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nyumbani. Ilikuwa ni mashine yetu, ileile, si huku wala si kule. Mjomba aliliweka hivyo Machi kwa kiganja, bila miwani, kwa sababu hajui injini nyingine inavyotakiwa kulia.

Binamu akaanza wimbo upya, na ikawa ile ya kijiko chenye mchanga. Mwalimu akaingia, akasita, akaingia tena chini zaidi. Akaziba sikio moja. Watu wa mbele wakaanza kukunja uso. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwangu.

"Sijui niko wapi," akaniambia.

"Mimi najua."

Akanipa maiki. Alinipa vile unavyomrudishia mwenyewe kitu alichokisahau kwako, wala hakuangalia upande wa Binamu. Akasimama yeye karibu na ndoo.

Nikaenda katikati. Nikamwambia Kinyozi, "Kama zamani. Kama stoo." Kinyozi hakuuliza, mikono ikaenda kwenye nyuzi. Binamu akanitazama kwa yale macho yake ya kusimamisha wimbo. Nikamtazama. Nilikuwa tayari kuimba bila gitaa lake, na aliliona hilo. Lakini na yeye alijifunzia kutembea kwenye magunia yaleyale. Akainamisha kichwa upande wa ukuta, akasikiliza, na nikamwona anaitambua. Akashika vifunguo vya gitaa.

Wakati wanarekebisha nyuzi, ukumbi ulikuwa unaanza kuzomea. Sikupaza. Nilianza kidogo, kama Mwalimu alivyonifundisha kwenye mvua, peke yangu na jenereta. Mstari wa kwanza. Nikaona safu ya mbele wananyamazishana. Mstari wa pili. Besi ikaingia, ikakaa mahali pake. Kisha gitaa. Fundi Baiskeli akashusha fimbo, na hapo ndipo nilipotoa ile nyingine, ile ya kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Nikaona watu wanageuka mpaka wale waliokuwa mlangoni wakiondoka.

Sikumbuki nyimbo zilizofuata. Nakumbuka kilemba cha Mama kimeanguka na hakukiokota. Nakumbuka watu wamesimama juu ya vile viti vyekundu, Meneja anawaomba washuke. Kiongozi wa bendi kubwa alikuja nyuma ya jukwaa na taulo shingoni, akamuuliza Binamu, "Huyo mwimbaji wenu mmemtoa wapi?" Wana miji sita ya kuzunguka kuanzia Julai, wanataka tuwafungulie yote.

Binamu akajibu, "Ni dada yangu." Samahani hakuniomba. Labda hiyo ndiyo ilikuwa samahani, sijui, mimi nilitaka ile nyingine.

Mjomba nilimkuta anafuta mikono, amepakaa mafuta mpaka paji la uso. Nikamwitia sikioni, umesikiaje?

Akanyoosha kidole kwenye jenereta. "Halikukohoa hata mara moja," akasema kwa fahari.

Jumatatu, 1 Juni

Mvua kidogo. Watu wanapita wanachungulia dirishani kwetu. Mama anawafungulia. Nimekasirika, nimefurahi, na nimechoka, na bado nina mapazia.

Alhamisi, 4 Juni

Jua, jua la kweli. Watu wameanika, nafaka zimekauka, leo foleni ilifika mpaka kwa Kinyozi. Niliita zamu. Wateja walinitania, mmoja akaniomba nimwite jina lake mara mbili aende akawasimulie wenzake.

Bendi ikaja na vyombo. Mwalimu naye kaja, ataimba na mimi sauti ya pili, kwa kupenda kwake. Tukaingia stoo. Binamu alikuwa hajagusa hata uzi mmoja, mashine ikazimika.

Nikatoka mbio nikidhani mkanda umekatika au Mjomba kaumia. Mjomba alikuwa amesimama na mkono kwenye swichi. Foleni nzima inamtazama. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza, gunia lake limekwisha funguliwa, akauliza kulikoni. Mimi mwenyewe nilimuuliza mara mbili, ndipo akanisikia.

"Dada yangu tangu Jumamosi ananisimulia ulivyoimba," akasema. Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, yeye hajui ndogo. "Kila mtu ananisimulia. Mimi siku ile nilisikia jenereta tu. Hapa mwaka mzima nimesikia mashine tu."

"Mjomba, foleni."

"Naiona."

Akamgeukia yule mama mwenye gunia, akamwomba radhi, akamwambia watangoja wimbo mmoja. Mama yule akakaa juu ya gunia lake, na wengine wakakaa. Nesi mstaafu alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono kiunoni, kisha naye akavuta kigoda.

Tukatoa vyombo nje. Kukawa kimya, kimya kile kilichonishinda Machi. Mjomba akaja kusimama karibu yangu kabisa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Binamu alikuwa na gitaa mkononi. Nilimwona anapapasa mfuko wa simu, kisha akauacha. Akanitazama.

"Nipe," akasema.

Nikampa ile sauti, bila mashine, na akakaza nyuzi zake kunifuata mimi.